Bandari Rasmi na Bandari Bubu: Dawa Inavyoingia Mwilini

Hotuba niliyoitoa Wete, Pemba, katika ukumbi wa skuli, baada ya sala ya alasiri, wiki mbili kabla ya Ramadhani. Nimeiandika karibu vile vile nilivyoisema.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sheha wetu, mashekhe wangu, walimu wa skuli hii, mama zangu mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili mkichoka mtoke bila ya kuonekana, na nyinyi vijana mliojazana madirishani, ahsanteni kwa kuja. Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie "matumizi sahihi ya dawa". Kichwa hicho cha habari kinamlaza mtu usingizi, hasa wakati kama huu. Kwa hiyo nitazungumzia kitu kimoja tu, nacho ni mlango. Dawa inaingia mwilini kwa mlango gani, na ikishaingia inapatwa na nini njiani.

Nimekaa nyuma ya dirisha la famasi miaka 26. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "Hii ina nguvu?" Likifuatiwa na "Hamna sindano yake?" Wengi wetu tunaamini kwamba kidonge ni cha kubembelezea watoto, na dawa yenyewe khasa ni ile inayoingia kwa kutoboa. Basi naomba tukifuate kidonge kimoja safari yake yote, halafu mtaamua wenyewe.

Umemeza parasetamoli kwa bilauri ya maji. Kinashuka tumboni, kinalowana, kinavunjika. Watu hudhani hapo ndipo dawa inaponyonywa, kumbe tumbo ni kama uwanja wa kusubiri tu. Kazi kubwa inafanyika mbele, kwenye utumbo mwembamba. Ukuta wake wa ndani umejaa mikunjo, na juu ya mikunjo kuna vinyweleo vidogo visivyo na idadi, hata ukiutandaza wote ungepata eneo la mita za mraba kama 30. Ni kama nusu ya chumba cha darasa, kimekunjwa ndani ya tumbo la mtu. Hapo ndipo dawa inapovuka kuingia kwenye damu.

Lakini damu inayotoka kwenye utumbo haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Yote inakusanywa katika mshipa mmoja mkubwa na kupelekwa kwanza kwenye ini. Na hapa, Wapemba wenzangu, sina haja ya kutafuta mfano mbali.

Karafuu yetu ina njia yake rasmi. Inachumwa, inachambuliwa, inaanikwa, inatiwa kwenye magunia, inapelekwa kituoni inapimwa, na ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, linainunua. Na kuna njia nyengine, ya magendo, ya usiku, ya bandari bubu, ambayo sisi sote tuliomo humu ukumbini hatuijui kabisa. (Kicheko kirefu. Sheha aliangalia dari.)

Ini ndio forodha ya mwili. Kila mzigo unaotoka utumboni unafunguliwa pale na kukaguliwa. Mizigo mengine inakatwa ushuru mdogo ikapita, mengine inakatwa mpaka mwenye mali anabaki na gunia tupu. Parasetamoli ni katika wanaopita vizuri, sehemu kubwa ya ulichomeza inafika kwenye damu. Mofini, ile dawa ya maumivu makali wanayopewa wagonjwa wa saratani, inakatwa sana, inabaki kama theluthi. Ndio maana miligramu 30 za kumeza zinahesabiwa sawa na miligramu 10 za sindano. Ni dawa ile ile. Mtu akiviona vipimo viwili hivyo vimeandikwa kwenye karatasi, atasema cha kumeza ndicho kikali kwa kuwa namba yake ni kubwa. Hapana. Kile kimeongezwa kwa sababu kinajulikana kitalipa ushuru.

Iko na nitrogliserini, dawa ya kifua kinachobana kwa ugonjwa wa moyo. Hii ukiimeza, forodha inachukua karibu yote. Kwa hivyo inapitishwa bandari bubu: unaiweka chini ya ulimi, unaiacha iyeyuke. Pale ngozi ni nyembamba na mishipa iko juu juu, na damu yake inakwenda moyoni bila ya kupita kwenye ini. Dakika moja mpaka tatu mtu anaanza kupumua vizuri. Nimemwona mzee anayemeza kidonge hicho kwa maji kila kifua kikimbana, kisha analalamika kwamba dawa za siku hizi hazifai. Dawa yake ilikuwa nzima. Alikuwa akiipeleka forodhani kwa mkono wake mwenyewe.

Msichukue hilo mkasema basi kila kidonge kiwekwe chini ya ulimi. Zamani kulikuwa na mtindo wa kutoboa kifuko cha nifedipini, dawa ya presha, na kumdondoshea mgonjwa chini ya ulimi ili presha ishuke upesi. Ilishuka kweli, ilishuka kama dafu linalotoka juu ya mnazi, na wapo waliopata kiharusi na mshituko wa moyo. Katika miaka ya 1990 madaktari walikatazana wao kwa wao. Kufika upesi si kila mara ni kufika salama.

Na hiyo nifedipini mimi nina kisa nayo. Sikuwa nimepanga kukisema, lakini naona dada yangu amekaa pale na atakisema yeye nisipokisema mimi.

Marehemu baba yetu alikuwa na presha. Mimi ndiye niliyempa dawa, nifedipini ya miligramu 20 ya aina ya kuachia taratibu, asubuhi kimoja na jioni kimoja. Mfamasia mzima, nikamkabidhi baba yangu dawa kama kondakta anayerudisha chenji. "Baba, moja mara mbili." Basi. Sikuongeza neno. Mzee alikuwa na tabu ya kumeza, hata tende aliitafuna mpaka ikawa maji. Akachukua kinu kidogo cha shaba ambacho mama alikuwa akisagia hiliki, akatia kidonge, akaanza kukiponda. Mama anasema alikiponda kwa subira, akazungusha mchi, akakung'uta ukingoni, na ule unga wa rangi ya waridi ukachanganyika na harufu ya hiliki. Akaukoroga kwenye uji, akanywa, akajipangusa ndevu, akenda kutawadha. Hakumaliza. Walimkuta amekaa chini ameegemea ukuta, uso umemsawijika, kopo limelala ubavu na maji yanamwagika, anasema, "Nyumba inazunguka."

Kidonge kile kilitengenezwa kiwe kama mtungi unaovuja tone tone, utoe dawa kidogo kidogo kwa saa 12. Baba aliuvunja mtungi, maji yote yakamwagika kwa mkupuo mmoja. Alipona, alhamdulillahi, akaishi miaka mengine tisa, na kila akiniona na mfuko wa dawa alikuwa akiniuliza mbele ya wageni, "Hichi kinapondwa au hakipondwi, mama?"

Kwa hiyo ukiona kwenye pakiti pameandikwa SR, XR, MR au retard, ndizo alama za dawa ya kuachia taratibu, usiponde, usitafune, usifungue, mpaka umeuliza. Viko pia vidonge vilivyopakwa ganda la kuvikinga na tindikali ya tumbo. Omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo, ni mmoja wao. Ukikiponda, tindikali inakimaliza kabla ya kufika pahala pake.

Sasa chakula. Hili linawachanganya watu sana, na wana haki, kwa sababu hakuna sheria moja. Dawa ya mseto ya malaria yenye lumefantrini inapenda mafuta. Ukiila pamoja na chakula chenye mafuta mengi, kiasi cha lumefantrini kinachoingia kwenye damu kinaweza kufika mara 16 ya kile cha tumbo tupu. Mara 16! Mtu anaumwa malaria, kinywa kichungu, hataki kuona chakula, anameza vidonge kwa maji matupu siku tatu, halafu homa inarudi na lawama wanabebeshwa waliotengeneza dawa. Haihitajiki karamu. Kikombe cha maziwa kinatosha, au kipande cha boflo na mchuzi wa nazi.

Maziwa hayo hayo yanaiharibu siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria. Chokaa iliyomo ndani ya maziwa inaikumbatia dawa utumboni, wanashikana, wanatoka nje pamoja bila ya kuvuka. Mama mjamzito naye anapewa vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu, anaviteremsha kwa chai ya rangi kwa sababu vinamtia kichefuchefu, na chai ile inaizuia chuma isinyonywe. Achana na chai saa moja au mbili, tumia maji ya ndimu au chungwa. Ndimu inasaidia chuma kuvuka.

Na kuna mara ambapo tunataka dawa isivuke. Albendazoli, ile ya minyoo wanayopewa watoto skuli, inanyonywa kidogo sana, na hilo ndilo zuri lake. Minyoo iko ndani ya utumbo, basi dawa nayo ibaki huko huko iwakute. Ikitakiwa iende mbali zaidi, kutafuta wadudu waliojificha kwenye viungo vyengine, hapo daktari atakwambia uile na chakula chenye mafuta ili iingie kwenye damu kwa wingi. Prazikwanteli ya kichocho ni kinyume chake, hiyo inakatwa sana na ini na inahitaji kufika kwenye mishipa ya damu wanakoishi minyoo wa kichocho. Watoto wale kwanza, ndipo wapewe. Itaingia vizuri zaidi, na hawatatapika sana. Walimu mliopo mnaikumbuka siku ya vidonge vya kichocho, ule uchungu wake, na mtoto mmoja anayekimbilia nyuma ya choo.

Njia ya nyuma niiseme upesi, maana naona watu wameshaanza kuangaliana. Dawa inayowekwa njia ya haja kubwa inapita nusu rasmi na nusu bubu. Mishipa ya chini ya pale inakwepa ini, ya juu inakwenda kwenye ini. Inamfaa anayetapika, na inamfaa mtoto asiyeweza kumeza. Iko artesuneti ya namna hiyo kwa watoto wa chini ya miaka sita wenye malaria kali. Haimalizi matibabu, inanunua muda tu mpaka mgonjwa afike hospitali. Fikiria uko Kisiwa cha Fundo, mtoto amezimia kwa homa, na bahari imechafuka. Muda huo ndio roho ya mtoto. Lakini mtu lazima aelezwe. Mwaka wangu wa mwanzo kazini nilimpa bibi mmoja dawa ya namna hiyo, nikaona haya kumwambia inawekwa wapi kwa sababu alikuwa umri wa nyanya yangu. Aliirudia wiki ya pili akiisifu. Alikuwa akiimeza. Akaniambia, "Ina mafuta mafuta kama samli, lakini inashuka."

Ewe kijana, hiyo chupa ya maji unayoinywa, imalizie unipe. Ahsante.

Wenye pumu tuko wengi humu, na mimi mmoja wao. Tuna imani kwamba inhela ni ya mtu aliyekaribia kufa na kwamba ukishaianza huiachi. Kwa hiyo tunaomba vidonge. Haya, tupige hesabu. Kidonge cha salbutamoli cha miligramu 4 ni mikrogramu 4,000. Inhela ukiibonyeza mara mbili inatoa mikrogramu 200. Kidonge ni mara 20 ya hiyo, na bado kinachelewa nusu saa, maana kinakwenda utumboni, kwenye ini, kwenye damu, kinazunguka mwili mzima, kinatetemesha mikono na kukimbiza moyo, ndipo kidogo chake kinafika kwenye mapafu. Inhela inapeleka dawa mlangoni kwa mwenyewe, na ndani ya dakika tano kifua kinafunguka. Sasa niambieni ipi iliyo nzito, ipi nyepesi.

Tatizo la inhela ni mkono. Ukiibonyeza kabla ya kuvuta, au ukivuta kabla ya kubonyeza, dawa inagonga koo na kubaki hapo. Hata kwa anayejua, nyingi inabaki mdomoni. Ndipo inapokuja chupa hii ya nusu lita. Kitako chake kinatobolewa kwa waya uliopashwa moto, tundu liwe sawasawa na mdomo wa inhela, unachomeka mpaka ikaze. Mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, unabonyeza mara moja, anapumua taratibu mara kadhaa. Wingu la dawa linamsubiri ndani ya chupa, halina haraka. Watafiti wa Afrika Kusini walilijaribu jambo hili kwa watoto, na mwaka 1999 walichapisha kwamba chupa kama hii ilifanya kazi sawa na kile kifaa cha kununua. Kama inhela yako ni ile ya kuzuia, yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, sukutua mdomo baada ya kuvuta, utaepuka utando mweupe.

Macho, kwa maneno machache. Tone moja linatosha. Jicho halina nafasi ya tone la pili, linamwagika shavuni na pesa yako imo ndani. Na chochote kinachoingia jichoni kina mfereji wa kuteremkia puani, ndio maana unaonja uchungu kooni. Dawa ya timololi ya presha ya macho ikishuka kwa njia hiyo inaingia kwenye damu, na kwa mwenye pumu inaweza kumfunga kifua. Tone la jicho likamziba mtu pumzi! Basi nyote wekeni kidole hapa, pembe ya jicho upande wa pua. Bonyezeni kidogo. Dakika moja au mbili, jicho limefumbwa. Mama Sheha, na wewe. Hivyo hivyo.

Ngozi. Akina bibi harusi wetu wanasingwa kwa singo ya liwa na karafuu, wanapakwa hina, na sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu uko na makopo mawili. La kwanza ni piko, ile nyeusi ya kuchora kwa haraka. Ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali inayoitwa PPD. Ngozi inaweza kuikubali mara ya mwanzo na kuikataa mara ya pili kwa malengelenge yanayofuata maua yale yale uliyochorwa, na mkataa huo haufutiki maisha. Kopo la pili ni krimu ya kung'arisha uso yenye steroidi. Watu wanasema, "Si ya kupaka tu?" Ngozi si ukuta wa mawe. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani walipaka haidrokotisoni, nayo ni steroidi, pahala mbalimbali na kupima kiasi kinachoingia. Paji la uso lilipitisha mara 6 ya mkono wa mbele. Unyayo ulipitisha sehemu ndogo tu, kama moja ya saba. Na ngozi ya mfuko wa korodani, mashekhe mtanisamehe, ilipitisha mara 42. Kwa hiyo kijana anayeazima krimu kali ya mkono ya kaka yake akajipaka kule kwa sababu ya muwasho, ajue anafanya nini.

Haya, sindano.

Sindano haiiongezei dawa nguvu. Inaiondolea safari. Ikichomwa mshipani inafika yote, asilimia 100, papo hapo, na ukikosea nayo hakuna kutapika. Kwa aliyezimia, anayetapika kila kitu, mwenye malaria kali, hapo ndipo pahala pake, na mimi mwenyewe nitakimbia kuileta. Na ziko dawa zisizoweza kupita mlango wa mdomo. Insulini ni protini, na utumbo haujui tofauti yake na kipande cha changu. Ukiimeza unaila tu. Ndiyo sababu tangu yule mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipochomwa insulini kule Toronto tarehe 11 Januari 1922, wenye kisukari wanachoma mpaka leo. Nao wana hesabu yao ya mlango. Insulini ya tumboni inaingia upesi kuliko ya paja, na ukichoma pahala pamoja kila siku kwa sababu pameshakufa ganzi, panafanya nundu ya mafuta, na insulini iliyochomwa humo leo inatoka kesho kutwa. Hamisheni sindano. Ukiwa na nundu, iache ipumzike.

Mara nyengine msuli tunautumia kama ghala. Pensilini ya benzathini wanayochomwa watoto wenye ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi inakaa msulini na kutoka kidogo kidogo wiki tatu au nne. Sindano ya uzazi wa mpango inakaa miezi mitatu. Hapo hatutafuti nguvu wala haraka, tunatafuta uchelewaji.

Lakini mtu mzima, anameza vizuri, ana homa ya mafua au mgongo unamuuma kwa kuinama shamba, anadai achomwe diklofenaki, dawa ya maumivu, "kwa sababu vidonge vinaniharibu tumbo." Ndugu yangu, tumbo haliharibiwi na kule kuguswa na kidonge tu. Diklofenaki inapunguza kinga ya ukuta wa tumbo kutokea ndani ya damu. Ichome takoni, bado itafika tumboni. Mwenye vidonda vya tumbo ni mwenye vidonda tu, ungepitia dirishani. Na tako nalo lina mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Sindano ikiukosea, mguu unalegea. Wapo watoto waliochomwa kwinini takoni wakabaki wanaburuta unyayo, na kidonge kingetosha.

Na dripu ni ndugu wa sindano. Mtu anaharisha, jamaa wanamwangalia muuguzi kwa jicho baya, "Hamumtundikii maji?" Maji ya ORS yanapita mlango wa ajabu. Hata katika kipindupindu, utumbo ukiwa unamwaga maji kama bomba, kuna mlango mmoja haufungwi. Unafunguka kwa chumvi na sukari zikija pamoja, na maji yanazifuata. Ndiyo kazi ya sukari iliyomo kwenye pakiti, siyo utamu. Pakiti moja kwa lita moja. Ukizidisha maji, mlango haufunguki sawasawa, ukipunguza, unamkausha mgonjwa. Asiyeweza kunywa kabisa, au aliyezimia, huyo apelekwe atundikiwe bila ya kupoteza dakika.

Limebaki la Ramadhani, na najua wengi mmekuja kwa hilo. Sitoi fatwa, mashekhe wako hapa mbele. Ninachokijua ni kwamba suali la mlango wanazuoni wamelikalia. Mwaka 1997 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Jidda, na katika waliyoyataja kuwa hayabatilishi funga ni matone ya macho, kidonge cha chini ya ulimi cha moyo maadamu mtu hamezi kilichoyeyuka, sindano ya ngozi, ya msuli au ya mshipa isiyokuwa ya lishe, na dawa za kupaka. Kuhusu inhela waliacha kwa uchunguzi zaidi, na wanazuoni wamo katika kutofautiana. Muulizeni shekhe wenu sasa, msingoje saa tisa mchana kifua kimebana. La kwangu ni hili. Usihamishe ratiba ya dawa peke yako. Kila mwaka naona mtu aliyekuwa na vidonge vya asubuhi, mchana na jioni, anavikusanya vyote na kuvimeza wakati wa futari pamoja na tende na uji. Wenye dawa za mara tatu kwa siku njooni mapema, nyingi zina ndugu yake wa mara moja, ya kula daku. Wenye kisukari wa sindano, hao wamwone daktari kabla ya mwezi kuandama.

Maswali yalikuwa mengi. Mama mmoja aliuliza mtoto akitapika kidonge cha malaria arudie au asirudie. Nikamwambia akitapika ndani ya nusu saa, kwa kawaida kipimo kinarudiwa, arudi kituoni apewe chengine, asikate katika vile vya kesho. Mzee mmoja aliuliza kuhusu kujifukiza. Nikamwambia mvuke unafungua pua na unaburudisha, lakini matone yake ni makubwa, hayafiki chini ya mapafu, na sufuria ya maji ya moto isikae karibu na mtoto aliyefunikwa shuka.

Wa mwisho alikuwa mtoto wa dirishani, wa darasa la nne hivi. Aliuliza, "Kwani dawa inajuaje pahala panapouma?"

Ukumbi ulicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hilo ndilo suali ambalo ningependa wazazi wake waniulize. Nilimwambia haijui. Ikishaingia kwenye damu inakwenda kila pahala, kichwani, kwenye kidole cha mguu, kwenye figo, hata pale pasipouma. Nikamuuliza kama amewahi kupewa kile kidonge kidogo cha manjano cha mafua.

"Nishapewa," akasema.

"Ikawaje?"

"Nikalala darasani."

"Basi wewe uliimezea pua," nikamwambia, "na yenyewe ikapita na kichwani."